Mwaka wa lugha: Maisha ya mwanafunzi wa Kericho na Bomet akiwa Ujerumani

KATIKA maboma ya wakulima wa majani chai, kuanzia Kapsoit na Litein hadi Silibwet na Mogogosiek, kuna swali ambalo wazazi waliompeleka mtoto Ujerumani huulizana kwa sauti ya chini: Ikiwa alikwisha kufika, mbona bado yuko darasani, na mbona hajatuma chochote nyumbani?

Swali hilo lina haki yake. Familia imeuza ng'ombe, imechukua mkopo katika chama cha akiba, imefanya harambee, na pengine imeweka rehani bonasi ya majani chai ya miaka miwili ijayo. Mtoto akapanda ndege. Miezi minane baadaye, picha anazotuma kwa simu zinaonyesha theluji, daftari na kitabu cha sarufi.

Jibu ni kwamba mwaka wake wa kwanza si mwaka wa kazi wala si mwaka wa chuo. Ni mwaka wa lugha, nao una kazi yake, ratiba yake na hatari zake. Asiyeuelewa mwaka huo anaweza, kwa nia njema kabisa, kumwangusha mwanawe kwa simu moja ya kuomba pesa.

Tuanze na njia zenyewe, kwa kuwa watu huzichanganya. Wapo wanaojifunza Kijerumani humu nchini, wakafanya mtihani katika Taasisi ya Goethe jijini Nairobi, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye mafunzo ya kazi yanayolipwa, ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung. Wapo vijana wa umri wa miaka 18 hadi 26 wanaokwenda kama walezi wa watoto katika familia. Hao hupewa chumba, chakula na Yuro 280 kwa mwezi za matumizi, na huhitaji Kijerumani cha msingi tu kuanza. Na wapo wanaokwenda kwa viza ya kusoma lugha, wakitarajia kuingia chuoni au kazini wakishafaulu. Wa kundi hili la mwisho ndio hasa tunaowazungumzia, ingawa mengi yatakayosemwa yanawahusu wote watatu.

Hamu ya kwenda iliongezeka baada ya Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini jijini Berlin mkataba kuhusu uhamiaji na ajira. Siku hizo zilienea habari kwamba nafasi 250,000 za kazi zilikuwa zimetengewa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha. Mkataba haukutaja idadi yoyote ya nafasi. Ulichofanya ni kurahisisha njia kwa mtu anayetimiza masharti, na sharti la kwanza katika kazi nyingi, hasa uuguzi, ni lugha. Kwa hivyo mlango uko wazi, lakini ufunguo wake ni cheti cha Kijerumani.

Vyeti hivyo hupangwa kwa ngazi sita zinazotumika kote Ulaya: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Mwenye A1 anaweza kujitambulisha na kununua mkate. Mwenye B1 anaweza kueleza shida yake kwa daktari. Mwenye B2 anaweza kumwelewa daktari anapomjibu, na hapo ndipo uuguzi unapoanzia katika hospitali nyingi. Kozi ambazo serikali ya Ujerumani huwaandalia wageni hutenga vipindi 600 vya dakika 45 ili kumfikisha mtu B1. Kwa vipindi 25 kwa wiki, hizo ni wiki 24 bila kukosa hata siku moja. Kufika B2 huongeza mamia mengine ya vipindi. Fanya hesabu, na umepata ule mwaka.

Sasa fedha. Kabla ya kupewa viza, mwanafunzi anayejigharamia hutakiwa kuonyesha kwamba ana pesa za kuishi. Kwa kawaida pesa hizo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, inayomtolea kiasi fulani kila mwezi na si zaidi. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu kiwango kilichowekwa mwaka wa 2024 ni Yuro 11,904 kwa mwaka, yaani Yuro 992 kwa mwezi. Anayekwenda kusoma lugha pekee hutakiwa kuonyesha zaidi ya hapo. Tukikadiria Yuro moja kwa Sh150, hizo ni zaidi ya Sh1.78 milioni.

Mkulima hupima mambo kwa kilo, basi na tupime kwa kilo. Tuseme kilo moja ya majani mabichi inaleta Sh40 kwa jumla, malipo ya kila mwezi pamoja na bonasi. Itahitajika zaidi ya kilo 44,000. Mchumaji mwenye mkono mwepesi anayechuma kilo 35 kwa siku angehitaji siku zisizopungua 1,270 kuzijaza, na hapo hatujatoa mbolea, ujira wala karo ya wadogo zake. Isitoshe, Oktoba 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, Kericho na Bomet wakiwemo, walilalamika vikali kwa kulipwa bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki. Fedha zilizomo katika akaunti ile zimetoka mbali.

Ndiyo maana mwanafunzi hulala nazo kichwani. Zikiisha kabla ya cheti kupatikana, viza huwa mashakani. Na hazimpi raha huko pia. Katika miji kama Munich, kodi ya chumba kimoja tu katika nyumba ya kushirikiana humeza sehemu kubwa ya fungu la mwezi. Kuna bima ya afya, ambayo ni lazima. Kuna tiketi ya usafiri. Kuna hata ada ya redio na televisheni, Yuro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, iwe na televisheni au isiwe nayo. Mzazi akisikia kwamba kima cha chini cha mshahara tangu Januari 2026 ni Yuro 13.90 kwa saa, huzidisha mara moja kwa 150 na kuona utajiri. Asilolijua ni kwamba sheria, tangu Machi 2024, humruhusu mwanafunzi wa lugha kufanya kazi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, na kwamba mwenye Kijerumani cha A2 hupata kazi ya kuosha vyombo au kupanga bidhaa usiku, kisha asubuhi akasinzia darasani. Kila saa anayoiuza kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani ni saa aliyoitoa katika zile 600.

Siku yake huanza gizani. Mtu wa Kericho anajua baridi. Anaijua mvua ya mchana na ukungu wa Julai unaolala juu ya majani chai. Hajui, hata hivyo, jua linalochomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, kama ilivyo Berlin mwezi Desemba. Kwetu karibu na ikweta jua ni saa ya ukutani. Huko, katika wiki za kwanza za majira ya baridi, mwili hukataa kuamini kwamba kumekucha.

Na saa zenyewe ni mtihani. Mjerumani akisema "halb acht" hukusudia nusu ya kuielekea nane, yaani saa moja na nusu asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Mkenya aliyesomeshwa kwa Kiingereza huielewa kuwa nane na nusu, ambayo ni saa mbili na nusu, akafika saa nzima baadaye na kukuta mlango umefungwa. Mtoto huyu ana saa tatu kichwani, na moja tu ndiyo inayotambuliwa na mwenye miadi. Miadi nayo ni mingi: kusajili makazi katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili za kuhamia, kufungua akaunti, kuongeza muda wa kibali, kumwona daktari. Kila ofisi huandika barua ya karatasi, na barua hiyo hujaa maneno marefu kama "Krankenversicherung", ambalo ni bima ya afya tu, maneno mawili yaliyoshonwa pamoja. Mwanafunzi hujifunza kuyakata maneno hayo vipande kama anayepasua kuni.

Darasani hukaa na Msiria, Mbrazili, Mvietinamu na Myukreni. Lugha yao ya pamoja ni Kijerumani kibovu, na hilo ni jambo jema. Somo la kwanza ni la kutaja jina. Binti anayeitwa Cherotich angependa kueleza kwamba alizaliwa jioni ng'ombe wakirudi nyumbani, lakini hana hata kitenzi kimoja cha kulibeba jambo hilo. Anasema jina, anasema Kenya, anaketi. Huo ndio uchungu wa kwanza wa lugha ya ugenini. Mtu aliyekuwa mcheshi na hodari kwao hugeuka kuwa mtoto wa miaka mitatu mbele ya watu wazima.

Hapa nataka niseme jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Kijana wa Kipsigis haendi huko mikono mitupu. Anakwenda na lugha tatu, na lugha hizo humsaidia mahali asipotarajia.

Chukua ngeli. Wanafunzi wengi duniani hulalamika kwamba Kijerumani kina jinsia tatu za nomino, "der", "die" na "das", na kwamba haieleweki kwa nini msichana, "das Mädchen", awekwe katika jinsia isiyo ya kike wala ya kiume. Aliyesoma ngeli za Kiswahili hashangai. Anajua kwamba nomino huburuta maneno mengine nyuma yake, na kwamba umbo la neno linaweza kupingana na maana yake. Kijana kina umbo la kisu na kiti, ila tunasema kijana huyu amefika. Uhai umeshinda umbo. Katika "Mädchen" umbo ndilo lililoshinda, kwa sababu kiambishi "-chen" cha kudogosha hulazimisha jinsia ya kati. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili alikwisha kufanya nusu ya kazi hiyo bila kujua.

Au chukua matamshi. Lugha ya Kipsigis, kama zilivyo lugha nyingine za Kikalenjin, haitofautishi p na b, t na d, k na g kwa namna Kiswahili kinavyofanya. Wachekeshaji wa televisheni wamejipatia riziki kwa kuiga namna tunavyodhani watu wa kule wanavyotamka Kiswahili. Basi Kijerumani hubadilisha b, d na g zinapokuja mwishoni mwa neno: "gelb", rangi ya manjano, hutamkwa gelp, "Hund", mbwa, hutamkwa hunt, "Tag", siku, hutamkwa tak. Mwingereza huambiwa alirekebishe hilo mara mia. Kijana aliyechekwa shuleni Nakuru kwa ajili ya ulimi wake hulitamka sawa siku ya kwanza.

Sikio nalo limefunzwa. Kipsigis hutofautisha irabu fupi na ndefu, na Kijerumani vilevile: "Stadt" ni mji, "Staat" ni dola, na kinachozitenganisha ni urefu wa a. Haya si mambo ya kubuni. Marehemu Dkt Taaitta Toweett, mwana wa Kericho aliyewahi kuwa waziri wa Elimu, aliipata shahada yake ya uzamifu mwaka wa 1977 katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kuichunguza lugha hiyo ambayo wengine huidhani haina sarufi.

Pa kuumia hapakosekani. Katika Kipsigis kitenzi hutangulia; ukisikia neno la kwanza umejua tendo. Katika Kijerumani, sentensi ikiwa ndani ya sentensi, kitenzi husukumwa hadi mwisho kabisa, na msikilizaji hungoja kama anayemsubiri mzee afike kwenye hoja. Vitenzi vingine hukatwa viwili: "anrufen" ni kupiga simu, lakini ukisema utampiga mtu simu kesho, kipande cha "an" hukimbilia mwishoni peke yake. Irabu ö na ü hazimo katika Kipsigis, Kiswahili wala Kiingereza. Hizo hupatikana kwa kioo, midomo ikiwa imechongoka, usiku, mlango umefungwa ili mwenye nyumba asicheke.

Saa saba mchana darasa huisha, na hapo ndipo lugha hufa au huishi. Mwanafunzi akirudi kwenye chumba anachoshirikiana na Wakenya wenzake, atazungumza Kiswahili, Kipsigis na Kiingereza hadi asubuhi. Atafurahi, na atafeli. Si kwamba wenzake ni wabaya. Ndio watakaompokea uwanja wa ndege, watakaomwonyesha duka linalouza unga wa ugali, watakaomketisha Jumapili maduka yote yakiwa yamefungwa na barabara zikiwa kimya. Lakini waliofika B2 mapema mara nyingi ni wale waliojilazimisha kujiunga na kwaya ya kanisa la mtaa, timu ya mpira au klabu ya riadha, ambako hakuna anayejua neno la Kiswahili. Kwenye riadha, jina la Kalenjin hufungua mlango hata kwa asiyeweza kukimbia mita mia. Shida huanza wanapomtaka akimbie.

Kuna chakula pia, ambacho hakimo katika silabasi. Jioni Wajerumani wengi hula mkate, jibini na soseji, vyote baridi. Aliyelelewa kwa kimyet moto, mboga za kienyeji na mursik huiona meza hiyo na kujiuliza kama chakula chenyewe bado kinakuja. Kuhusu chai, mtoto wa nchi ya majani chai hupata jeraha lake dogo. Neno "Tee" kwa Mjerumani hujumuisha mnanaa, matunda yaliyokaushwa na kila kinachoweza kutiwa maji ya moto. Akiomba chai aweza kuletewa kikombe chenye maji mekundu machachu. Isipokuwa akibahatika kupelekwa Ostfriesland, kaskazini magharibi, ambako watu hunywa chai nyeusi kali takriban lita 300 kwa mtu kwa mwaka, kwa malai na sukari ya mawe. Huko atakuta watu wa kuzungumza nao, tena kwa Kijerumani, kuhusu jambo analolijua kuliko wao.

Mwaka wa lugha haukuanza jana. Wakenya waliokwenda Muungano wa Kisovieti miaka ya 1960 walikaa mwaka mzima wakijifunza Kirusi kabla ya kugusa kitabu cha udaktari au uhandisi. Waliopelekwa Ujerumani Mashariki walipitia Leipzig, katika taasisi iliyopewa jina la Herder mwaka wa 1961. Tofauti ni kwamba wao waliishi kwa posho ya dola iliyowaalika. Aliyefeli mtihani alipata aibu; hakumwachia babake deni. Mwanafunzi wa leo hubeba vyote viwili. Na majirani zetu wa Uasin Gishu wanajua jinsi mambo yanavyoweza kuharibika: mpango wa kaunti hiyo wa kuwapeleka vijana Finland na Kanada uliporomoka mwaka wa 2023, wazazi wakiandamana kudai karo waliyolipa.

Yumkini hilo ndilo humfanya mwanafunzi afiche. Akipigiwa simu nyumbani, husema mambo ni mazuri. Hasemi kwamba mtihani wa B1 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, kila moja ikihitaji alama 60 kwa 100, na kwamba amepita tatu na kuanguka katika kusikiliza. Mzazi akijua kwamba sehemu iliyobaki inaweza kurudiwa peke yake, bila kuanza upya, hatalia kama aliyefiwa, atauliza tarehe. Simu za namna hiyo ni bora zipigwe jioni mtoto akiwa ametoka darasani. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa hivyo anayepiga saa mbili asubuhi baada ya kukama, Januari, humwamsha mtu saa kumi na mbili alfajiri.

Baada ya B2 huja mkataba wa mafunzo. Mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali za umma hulipwa zaidi ya Yuro 1,300 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kabla ya makato, na mafunzo huchukua miaka mitatu. Hapo ndipo anapoweza kutuma kitu bila kuuza saa za kitabu, kiasi kidogo mwanzoni, kwa kuwa kodi ya nyumba hailali. Wodini pia atakuta wazee wanaozungumza lahaja ambayo haikuwa katika kitabu chochote, na itambidi ainame karibu na kitanda na kuomba warudie polepole.